Re: Programu ya mti wa ukoo, ndugu wa Mombasa na Muscat wauone pamoja

Ndugu, kwa hilo ningeanza na MyHeritage: bure hadi watu 250 kwenye mti, na ndugu unawaalika kwa baruapepe waongezee wenyewe. FamilySearch ni bure kabisa, ila mti wake ni mmoja wa dunia nzima. Maelezo ya marehemu babu yako, yeyote aweza kuyahariri. Wazee wengine hilo halitawapendeza.

Kwetu majina hujirudia: Salim bin Said bin Salim. Kila mmoja mwandikie mtaa na mwaka wa kuzaliwa, hata wa kukadiria, la sivyo babu na mjukuu watachanganywa. Mitala si tatizo, mtoto muunganishe na mama yake hasa. Mara kwa mara pakua faili la GEDCOM (muundo wa kawaida wa kuhifadhi data za mti wa ukoo), hufunguka hata kwenye programu nyingine. Picha zihifadhi kando.