Nyumba ya mawe ya babu inabanduka lipu: tubomoe au tukarabati?

SWALI: Shikamoo injinia. Tumerithi nyumba ya zamani Kondoa mjini, kuta za mawe nene kama nusu mita, juu bati. Miaka mitatu nyuma tulipiga lipu ya simenti na rangi ya mafuta, sasa ukuta kwa chini unavimba na kutoa unga mweupe, na mchana ndani ni tanuri. Fundi anasema tuweke taili mpaka kiunoni na tufunge eisi. Wadogo zangu wao wanataka tubomoe tujenge fremu.

JIBU: Marahaba. Msibomoe, na hizo taili achaneni nazo kabisa.

Iko hivi, nyumba za zamani hizo hazina ile nailoni tunayotandaza siku hizi juu ya msingi, kwaiyo maji ya ardhini yanapanda ukutani, zamani yalikuwa yanatokea taratibu kwenye lipu ya chokaa yanakaukia hewani na hakuna anayejua. Nyie mmepiga simenti alafu rangi ya mafuta juu yake, yani mmeziba njia ya kutokea. Maji yanatafuta pengine, yakikauka yanaacha chumvi, chumvi ikiganda inatanuka na kusukuma lipu, ndo huo unga. Mkiweka taili yatapanda mpaka juu ya taili, nawaambia kabisa. Mimi mwenyewe nikiwa kijana nilisimamia kazi kama hiyo Mpwapwa, misimu miwili ya mvua tu lipu ikabanduka pamoja na vipande vya mawe, aibu ile sijaisahau.

Anzeni na nje. Mara nyingi uwanja umejaa udongo miaka na miaka mpaka umepita usawa wa sakafu, teremsheni, chimbeni mtaro unaotoa maji mbali, wekeni gata. Hapo mmeshamaliza karibu nusu ya shida. Alafu bandueni simenti kwa tindo na nyundo ndogo, polepole, sio kwa nyundo kubwa, mkisugua chumvi kwa brashi kavu (msioshe!), muache ukuta ukauke kiangazi chote.

Lipu mpya ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga msafi usio na chumvi. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa usiku kucha, vaa glavu na miwani maana inaunguza. Tabaka lisizidi sentimita moja. Sasa upepo wetu huu wa kanda ya kati unakausha kabla haijashika, funika na magunia yaliyolowa siku kadhaa, fundi akilalamika mwambie asubiri. Kumalizia paka chokaa, sio rangi ya mafuta.

Joto linatoka kwenye bati, sio ukutani. Ukuta mnene unachelewa kupata joto, kwaiyo fungua madirisha usiku (huku usiku unapoa) na ufunge mchana, weka dari, tundu za hewa chini ya paa zenye nyavu, bati lipakwe nyeupe. Eisi baadaye sana kama bado utaihitaji. Mbao za paa zikague mchwa tu, nzima usibadilishe.

Kibali ulizeni halmashauri kwanza, na kama kuna ufa mkubwa mleteni mtu akaangalie msingi.

Mkishabandua nitumie picha ya mawe yenyewe, maana kama katikati yake kuna udongo mwekundu badala ya chokaa, mchanganyiko wa kujazia kati ya mawe inabidi tuubadilishe.