Bunduki ya kwanza ya kuwindia: .375 au ndogo?

SWALI: Kamwene kaka, shikamoo. Mimi kijana wa Mafinga, mwaka huu nimetimiza 25 na ndo naanza kufuatilia leseni ya silaha ili niwe nawinda kihalali na baba mdogo upande wa Rungwa. Yeye anasema ninunue .375 (namba hii ni upana wa risasi kwa inchi) moja kwa moja maana inapiga kila kitu mpaka nyati, washkaji nao wananiambia .22 inatosha na risasi zake bei chee. Mimi mwembamba, kilo 56, sijawahi kupiga bunduki kubwa. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, kwanza hongera kwa kusubiri umri, sheria ya silaha ya 2015 inataka miaka 25 na wengi wanaiona usumbufu tu. Sasa baba mdogo hajakosea kuhusu nyati, kisheria nyati, simba na tembo huwapigi na kitu chini ya .375. Ila wewe huanzi na nyati! Unaanza na swala pala, ngiri, labda kongoni, na kwa hao .375 ni kubwa mno kwa mtu ambaye bega lake halijazoea. Teke lake linazidi la bunduki ndogo ya .243 zaidi ya mara tatu, ukipiga risasi tano za mazoezi, ya sita unaanza kufumba jicho kabla haijatoka, unavuta triga kwa kushtuka, mtutu unazama, na mnyama anapigwa tumboni anaenda kufia mbali ambako hamtamwona. Hilo ndo linaniuma, na ndo maana nakuambia chukua bunduki ambayo huiogopi.

.22 nayo hapana, labda kwa kanga na kwa mazoezi. Kwa swala inajeruhi tu.

Mimi ningekuambia .243 au .308, ya bolti, ile unayovuta komeo kwa mkono kuingiza kila risasi. .243 ni laini begani na kwa swala pala na ngiri inatosha kabisa ukiweka risasi yenye uzito wa grein 100 (kama gramu 6.5) nyuma tu ya bega la mbele. .308 inasukuma zaidi ila bado utaizoea, na kwa kongoni nina imani nayo zaidi. Pofu waache kwanza, dume linaweza kufika kilo 900, huyo mwachie baba mdogo na .375 yake. Kabla hujalipa hata shilingi ulizia risasi zake zinapatikana dukani muda wote au mpaka ziagizwe, maana bunduki nzuri isiyo na risasi utaishia kuipangusa mafuta tu.

Halafu wengi hawaangalii kitako. Mwambie muuzaji akuoneshe chemba, pale risasi inapokaa, iko tupu, kunja kiwiko, weka kitako kwenye mkunjo wa mkono, kidole kikifika kwenye triga bila kujinyoosha basi inakufaa, kikipungukiwa omba kitako kifupi au fundi akipunguze, usijilazimishe. Ukifunga darubini jicho likae kama sentimita 9 nyuma yake, usogee karibu sana uone itakavyokuchana kwenye nyusi.

Kwenye mazoezi, eneo linaloruhusiwa lakini, mwombe baba mdogo akuwekee risasi mwenyewe na katikati achanganye za bandia bila kukuambia. Ukivuta triga ikalia "ka" na mtutu ukaruka au kuzama, ujue unaiogopa, rudi chini, pumua, anza upya taratibu. Porini kwenye miombo mara nyingi mnyama utampiga chini ya mita 100 kwa hiyo usihangaike na masafa marefu, jifunze kupiga umekaa, umepiga goti, umeegemea mti. Kidole nje ya triga mpaka umeamua, na ujue nyuma ya mnyama kuna nini, huko kuna wachunga ng'ombe na warina asali.

SWALI: Mwanangu ana miaka 17, anapenda sana mambo ya uwindaji. Naweza kumnunulia bunduki kwa jina langu awe anaitumia? Mama wa Sae, Mbeya.

JIBU: Hapana mama, na nakuomba usijaribu. Leseni ni ya mtu aliyeandikwa, ukimwachia kijana mnaingia matatani wote wawili, na silaha ndani ya nyumba inatakiwa ifungiwe mahali yeye hafiki. Lakini hamu yake usiizime. Akimaliza shule aangalie chuo cha wanyamapori cha Pasiansi, Mwanza, au Mweka kule Kilimanjaro, huko vijana wanasomea wanyama na uhifadhi wenyewe. Kwa sasa mpeleke hifadhi ya Ruaha likizo moja ajifunze kusoma nyayo na kutofautisha dume na jike kwa mbali, huko hakuwindwi ila hilo somo mwindaji yeyote analihitaji kabla hajashika bunduki. Na akiendelea kuuliza kuhusu .375, msomee jibu la huyo kijana wa Mafinga.