Maswali ya Wasomaji: Dhahabu Kwanza au Dhahabu Mwisho?

Toleo lililopita lilibeba kurasa za picha kutoka vitabu vilivyoandikwa kwa mkono vya Ulaya ya zama za kati na vya India. Barua zimekuja nyingi. Tumechagua tano, na zile zinazouliza jinsi kazi inavyofanyika tumezipa nafasi zaidi.

Ndugu Mhariri, Wazungu huziita picha hizi "miniature". Ni kwa sababu ya udogo wake? (Mwanafunzi wa sekondari, Tanga)

Hapana. Neno limetoka kwenye *minium*, jina la Kilatini la rangi nyekundu inayoelekea chungwa, inayopatikana kwa kuchoma rangi nyeupe ya risasi. Mwandishi akishanakili, kurasa zilipitiwa tena na kutiwa herufi kubwa na vichwa vya sura kwa wekundu huo. Picha zilizokuja kukaa pembeni mwa herufi hizo zikarithi jina. Udogo ulidhaniwa baadaye tu, kwa kuwa *minium* inafanana na *minor*, neno la Kilatini la "ndogo zaidi". Kwa upande wa India, tazama Hamzanama, kitabu cha visa vya shujaa Hamza, kilichoanzwa kwa amri ya Akbar, mfalme wa ukoo wa Wamughal, yapata mwaka 1562 na kuchukua miaka kama 15: picha zipatazo 1,400, zilizochorwa kwenye kitambaa cha pamba, kila moja ikiwa na kimo cha karibu sentimita 68. Zimesalia chini ya 200. Nazo huitwa "miniature", ilhali ni kubwa kuliko ukurasa wa gazeti.

Najaribu kutia dhahabu kwenye herufi kama zile za Ulaya. Kwanza imenata hata kwenye rangi nilizokwisha kupaka. Halafu kile kitako, tabaka la chini linalobeba dhahabu, kimepasuka vipande vipande. Nakosea wapi? (Mwalimu wa sanaa, Mombasa)

Mwalimu, makosa ni mawili, na kila moja lina chanzo chake.

La kwanza ni la mpangilio. Ulaya dhahabu ya bamba huingia mapema: mchoro wa wino, kitako, dhahabu, kung'arisha, ndipo rangi. Bamba lile, jembamba kiasi cha kupeperushwa na pumzi, hushika popote penye unyevu au gundi. Rangi zao zilifungwa kwa ute wa yai au gundi ya mgunga, na vyote viwili hulainika kwa unyevu kidogo tu. Jiwe la kung'arishia nalo likipita juu ya rangi, linaikwangua. Kwenye kurasa ambazo hazikumalizwa utaona jambo hili wazi: duara la dhahabu linang'aa nyuma ya kichwa cha mtakatifu, na uso wenyewe ungali mistari ya wino.

La pili ni la kitako, yaani jeso. Kipimo kinachotumiwa na mafundi hadi leo ni sehemu 8 za plasta iliyofishwa, 3 za rangi nyeupe ya risasi, 1 ya sukari, 1 ya gundi ya samaki, na chembe ya udongo mwekundu ili uone ulipopaka. Mwitalia Cennino Cennini, aliyeandika yapata mwaka 1400, ana mchanganyiko wa ukoo huohuo, ila yeye aliufunga kwa ute wa yai. Plasta "iliyofishwa" ni ile iliyokorogwa kwenye maji mengi kila siku kwa mwezi mzima mpaka ikapoteza nguvu ya kuganda. Ukitumia plasta mbichi ya fundi ujenzi, itaganda kwenye bakuli kabla hujachovya kalamu. Risasi nyeupe ni sumu. Tafadhali usiipeleke darasani. Weka nyeupe ya titani badala yake: jeso itakuwa ngumu kidogo kung'aa, lakini wanafunzi watakuwa salama.

Kinachoamua kila kitu ni sukari, kwa sababu huvuta unyevu wa hewani. Ikiwa kidogo mno, jeso hukauka kama chaki, dhahabu haishiki na kitako hupasuka. Ikizidi, kitako hubaki kinanata, jiwe linakwama na kuchubua dhahabu. Kwa joto la mvuke la Mombasa, anza na nusu ya kipimo cha sukari, jaribu kwenye kipande cha pembeni, kisha ongeza taratibu.

Jeso iwe nzito kama maziwa ya mtindi yaliyopigwa. Weka tone kubwa katikati ya herufi, ulisukume hadi ukingoni kwa ncha ya kalamu ya unyoya, na toboa mapovu kwa sindano. Usirudie kugusa palipoanza kukauka, maana hapo ndipo ufa unapozaliwa. Acha usiku kucha, kisha kwangua kwa wembe hadi pawe laini. Alfajiri, hewa ikiwa bado na umande, chukua kijiti cha tete, pulizia kitako pumzi ya joto kutoka kifuani mara mbili au tatu, ulaze bamba papo hapo, ulibane juu ya karatasi laini. Subiri jua lipande ndipo usugue, kwanza kwa wepesi, kwa jiwe la akiki. Mafundi wa zamani walitumia pia chonge la mbwa, ambalo lina umbo linaloingia kwenye pembe za herufi. Ukihisi jiwe linavuta, acha mara moja na usubiri.

Jambo la mwisho: je, ulipaka juu ya karatasi nyepesi? Jeso ni ngumu, haivumilii kukunjwa. Vitabu vile vilikuwa vya ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi, iliyolowekwa kwenye chokaa, ikakwanguliwa na kukaushwa ikiwa imevutwa kwenye fremu. Kama huna ngozi, bandika karatasi nene juu ya ubao.

Wahindi nao walifanya hivyohivyo? Na ni kweli walichora kwa brashi ya unywele mmoja? (Msomaji, Unguja)

Kwa Wamughal, watawala wa India wa enzi ya Akbar, mambo yaligeuka: dhahabu ilikuja mwishoni. Sababu ni kwamba haikuwa bamba juu ya kitako, ilikuwa rangi. Mabamba yalisagwa pamoja na kitu kinachonata kama asali au gundi, yakaoshwa kwa maji mara nyingi hadi ukabaki unga mtupu wa dhahabu, ukachanganywa na gundi na kupakwa kwa brashi. Haiharibu rangi jirani, basi hakuna haja ya kuitanguliza. Ulaya pia waliijua dhahabu hii ya kusaga, wakiihifadhi kwenye ganda la kombe. Inameta kwa upole tu, haitoi ule mmeto wa kioo. Wamughal wakaitafutia dawa: walitoboatoboa dhahabu kwa sindano butu, kila kitundu kikashika mwanga upande wake. Ukiinamisha ukurasa kidogo, taji linawaka.

Msingi wao ni *wasli*: karatasi tatu au nne zilizogandishwa pamoja kwa uji wa ngano uliotiwa mrututu kuzuia wadudu. Uji ukipakwa kwa mapengo, hewa hubaki ndani na miaka mingi baadaye rangi huvimba na kubanduka hapohapo. Ikikauka, wasli husuguliwa kwa akiki hadi iteleze kama kigae. Juu yake huja mchoro, kisha utando mwembamba wa rangi nyeupe unaoruhusu mistari kuonekana, mchoro unarudiwa, halafu rangi tabaka kwa tabaka. Kila baada ya tabaka picha hulazwa kifudifudi juu ya marumaru na kusuguliwa kwa nyuma. Hapo ndipo unapotoka ule ulaini kama wa kauri, ambao vanishi haiwezi kuuiga.

Kuhusu brashi: unywele mmoja haubebi rangi. Ni kishungi cha nywele za mkia wa kindi, kilichochomekwa kwenye bomba la unyoya wa njiwa, kimepangwa hivi kwamba tumbo linahifadhi rangi na ncha inaishia kwenye unywele mmoja. Tumbo likikosekana, mstari unakatika katikati ya nyusi.

Kwenye karakana ya Akbar kazi iligawanywa: mmoja akatunga mchoro, mwingine akatia rangi, na mara nyingine mtu wa tatu aliitwa kwa ajili ya nyuso tu. Majina yao yameandikwa chini ya ukurasa.

Nasikia kuna punda milia katika picha za Kihindi. Alifikaje huko? (Msomaji, Arusha)

Yupo, na ni miongoni mwa picha za wanyama zinazostahili kutazamwa kwa muda mrefu. Aliletwa kutoka Uhabeshi akafikishwa kwa mfalme Jahangir, mwana wa Akbar, mwaka 1621. Jahangir anasimulia kwamba watu walidhani amepakwa rangi, hata wakachunguza. Aliyemchora ni Ustad Mansur, na Jahangir mwenyewe aliandika pembeni kwa mkono wake, akimwita baghala, yaani mnyama chotara wa punda na farasi. Picha hiyo sasa iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. 

Nina ukurasa wa zamani kutoka India. Fremu ya kijani imegeuka kahawia na maandishi ya katikati yanakaribia kudondoka kama dirisha. Nitumie selotepu? (Msomaji, Nairobi)

Tafadhali usitumie. Kijani hicho huenda ni kutu ya shaba, iliyopatikana kwa kuweka shaba kwenye siki. Shaba hiyo huendelea kula karatasi, na mstari wa fremu ukiwa umezunguka pande zote nne, hukata kama kisu. Unyevu huiharakisha, kwa hiyo gundi ya maji nayo ni hatari. Gundi ya selotepu huzama kwenye karatasi, ikawa njano, na ikitolewa huchukua rangi.

Laza ukurasa juu ya kadi ngumu isiyo na asidi, funika kwa karatasi isiyo na asidi, weka ndani ya sanduku bapa, mbali na ukuta wa nje, jiko na dirisha. Usiupeleke kulaminishwa. Ukitaka kuusoma, inua kadi pamoja na ukurasa, usishike pembe. Kipande kikishadondoka, kiweke kwenye bahasha yake ndani ya sanduku hilohilo na uandike kwa penseli, juu ya bahasha, kilitoka upande gani. Mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka ataweza kukirudisha kwa utepe mwembamba wa karatasi ya Kijapani na gundi isiyohitaji maji mengi.