Je, sukari ndiyo iliyomletea mume wangu kisukari?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mume wangu ana miaka 47, ni dereva wa lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Si mtu wa sukari hata kidogo, chai yake hunywa bila kutia chochote. Mwezi uliopita alipimwa asubuhi kabla ya kula ikasoma 9.4, wakarudia siku nyingine ikasoma 9.1, akaambiwa ana kisukari. Mimi naweka vijiko vinne kwenye kikombe, vikombe vitatu kwa siku, na nilipopimwa niko sawa. Majirani wanasema huko njiani anakula vitamu kwa siri. Marehemu mama yake naye alikuwa na ugonjwa huu. Sukari inaleta kisukari au haileti? Na kama si sukari, ni nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, kwanza mwondolee mumeo hiyo tuhuma. Mtu anaweza kukaa miaka mingi bila kugusa sukari ya kopo na bado akapata kisukari cha aina ya pili, ambacho kwa umri wake na maelezo yako ndicho ninachokiona. Naliona jambo hili kliniki mara kwa mara, na linaniumiza, kwa sababu mgonjwa anaingia ameinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa, wakati hajafanya kosa analodhaniwa.

Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ina sukari ya gramu tano hivi, yaani kijiko kimoja cha chai. Ini na kongosho hulinda kiwango hicho usiku na mchana. Ukila, sukari ya damu hupanda, kongosho linamwaga homoni iitwayo insulini, insulini inafanya misuli iipokee sukari hiyo na inalizuia ini lisitengeneze nyingine. Kisukari ni kuharibika kwa utaratibu huo. Ndiyo maana mtu mwenye kisukari aliyelala na njaa huamka na 9.4: sukari hiyo haikutoka kwenye kikombe, imetengenezwa na ini lake mwenyewe usiku, kwa kuwa insulini haikuweza kulizuia.

Sasa, nini huharibu utaratibu huo? Kwa aina ya pili, mkosaji mkubwa ni mafuta yanayojijenga ndani, kwenye ini, kwenye misuli na kuzunguka kongosho. Ini lenye mafuta haliisikii insulini vizuri. Kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi, miaka inapita, mwisho linachoka. Mafuta hayo hutokana na chakula kinachozidi matumizi ya mwili, na chakula hicho si lazima kiwe kitamu. Unga wa sembe wa gramu 200, ambao ni ugali wa kawaida kabisa kwa mwanaume anayefanya kazi, una wanga unaozidi gramu 140, na karibu wanga wote huo huwa glukosi, yaani sukari ileile ya damu, ukishameng'enywa. Ongeza chipsi mayai ya saa nne usiku kituoni, bia mbili tatu akifika, na siku nzima amekaa nyuma ya usukani. Misuli ya miguu ndiyo mteja mkubwa wa sukari ya damu. Isipofanya kazi hainunui. Usingizi wa vipande vipande nao hupunguza nguvu ya insulini. Sigara vilevile: mvutaji ana hatari kubwa ya kupata kisukari cha aina ya pili kuliko asiyevuta, kwa asilimia 30 hadi 40.

Halafu kuna urithi. Mtu ambaye mzazi wake ana aina ya pili hatari yake ni mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine. Hapo ndipo ilipo tofauti kati yako na yeye. Kuna watu ambao mwili wao huhifadhi mafuta chini ya ngozi, mapajani na kwenye makalio, bila madhara makubwa. Wengine yanaenda moja kwa moja tumboni na kwenye ini hata kama hawaonekani wanene sana. Chukua kamba, mpime mumeo urefu kuanzia kisigino hadi utosi, ikunje kamba hiyo katikati, kisha izungushe tumboni, usawa wa juu kidogo ya kitovu, akiwa ametoa pumzi. Ncha zikikataa kukutana, mafuta ya tumboni yamezidi. Jipime na wewe.

Je, basi sukari haina hatia? Hapana, inayo, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana najua jibu hili likisomwa nusu litageuka ruhusa. Sukari ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi (aina nyingine ya sukari), na fruktosi nyingi huishia kwenye ini, ambako sehemu yake hugeuzwa kuwa mafuta. Mbaya zaidi ni sukari ya kunywa, kwa kuwa haishibishi: mtu anamaliza soda na bado anakula sahani ileile. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, yaani vijiko saba au nane. Tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka zimeonyesha kuwa wanaokunywa vinywaji vya sukari mara moja au mbili kila siku wana hatari ya aina ya pili inayozidi kwa takriban robo kulinganisha na wasiokunywa au wanaokunywa kwa nadra. Juisi ya miwa, asali na sukari guru zinaingia kwenye hesabu hiyohiyo, hata kama muuzaji anasema ni za asili.

Tena athari yake inaanza mapema kuliko tunavyodhani. Uingereza sukari iligawiwa kwa mgao kuanzia wakati wa Vita Kuu ya Pili hadi Septemba 1953, kisha ikaachiwa na ulaji ukapanda karibu maradufu. Watafiti waliwalinganisha watu waliotungwa mimba na kulelewa wakati wa mgao na waliozaliwa baada yake. Matokeo yalitoka 2024: waliopitia mgao tangu tumboni na miaka ya mwanzo walikuwa na kisukari cha aina ya pili pungufu kwa asilimia 35 hivi ukubwani. Kwa hiyo kwa watoto wa nyumba yako mkono uwe mzito kwenye bakuli la sukari, hasa kwenye uji.

Na vijiko vyako vinne? Vinne mara tatu ni 12, karibu gramu 50. Hicho ndicho kikomo cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima kwa siku nzima, na hapo hujahesabu soda, maandazi wala keki. Shirika hilo linashauri ikiwezekana mtu aishie nusu ya hapo. Kipimo chako kizuri kinaeleza hali ya leo tu. Shuka taratibu, kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi utazoea. Kama uliwahi kuambiwa una kisukari wakati wa ujauzito, au kujifungua mtoto wa zaidi ya kilo nne, pima kila mwaka.

Yako mengine yanayoleta kisukari ambayo hayahusiani na sukari wala kitambi. Vidonge vya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, hupandisha sukari, na nimekutana na wasichana walionunua mchanganyiko wa namna hiyo mtaani ili wanenepe. Kongosho lililoumia kwa miaka ya pombe kali nalo hushindwa kazi. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliutambua rasmi ugonjwa unaowapata watu wembamba waliokosa lishe tangu utotoni, likauita aina ya tano. Mawazo na msongo hupandisha sukari kwa muda. Peke yake ni nadra kuanzisha ugonjwa.

Aina ya kwanza ni jambo jingine kabisa. Huko kinga ya mwili inashambulia seli zinazotengeneza insulini, mara nyingi kwa mtoto au kijana, na hakuna pipi wala biskuti iliyosababisha. Mtoto akianza kunywa maji bila kukoma, kukojoa kitandani wakati alishaacha, kukonda ghafla, kutapika na kuhema kwa nguvu, apimwe sukari siku hiyohiyo. Dalili hizo hudhaniwa malaria au taifodi, na kuchelewa siku mbili kunaweza kumuua.

Kwa mumeo habari si mbaya. Nchini Marekani utafiti uliotoka 2002, kwa watu waliokuwa karibu kuugua, ulionyesha kuwa kupunguza asilimia saba ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza ugonjwa kwa asilimia 58, zaidi hata ya metformini, dawa ya kushusha sukari. Na Uingereza, 2017, karibu nusu ya wagonjwa waliopunguza uzito kwa programu maalumu, wote wakiwa wameugua kwa miaka isiyozidi sita na hawatumii insulini, walirudi kwenye sukari isiyo ya kisukari baada ya mwaka mmoja bila dawa. Aendelee na dawa alizopewa. Asizikate mwenyewe, akipungua uzito daktari ndiye atakayezishusha. Safarini achukue chakula cha nyumbani: maharage, mboga za majani, ugali wa dona nusu ya alivyozoea, maji badala ya soda. Kila anaposimama kupumzika, azunguke lori kwa mwendo wa haraka robo saa kabla ya kukaa kula.

Akirudi kliniki aombe kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita), macho, figo na presha, na avue viatu miguu ikaguliwe, kwa sababu aina ya pili mara nyingi huwa imeshakaa mwilini miaka kadhaa kabla ya kugunduliwa.