Mdogo wangu wa upasuaji, nenda kwenye mafunzo ya afya ya akili

Wiki iliyopita daktari kijana anayesomea upasuaji aliniandikia: "Shikamoo Dokta. Wametupangia wiki nzima ya afya ya akili. Mimi ni mtu wa kisu. Niende, au niombe udhuru?"

Marahaba. Mimi niliomba udhuru mara mbili, nikapewa. Nilikuwa bingwa wa magonjwa ya ndani, na mambo ya akili niliyaachia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma.

Wakati huo tulikuwa na mama mwenye kisukari. Alilazwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila mara damu imejaa asidi, anahema kama aliyepanda mlima. Tulimtundikia maji, tukampa insulini, akapata nafuu. Kwenye faili niliandika: "Hafuati matibabu." Mara ya tatu nilimfokea mbele ya wanafunzi. Akageukia ukutani.

Mara ya nne hatukumuwahi. Binti yake aliniambia, bila hasira, kwamba chupa za insulini zilikuwa nyumbani, kwenye mtungi, hazijafunguliwa. Tangu amzike kitinda mimba wake, mama hakuona sababu ya kujichoma sindano.

Mafunzo yaliyofuata nilijiandikisha mwenyewe. Yalikuwa ya mhGAP, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2008 kwa ajili yetu tusio mabingwa wa akili. Humo nilikutana na dodoso la sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka: maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3. Mgonjwa akifika 10 kati ya 27, kaa naye vizuri. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Nililiogopa, nikidhani kuuliza ni kumpandikizia mtu wazo. Sivyo. Wengi hushusha pumzi, kama waliokuwa wakilingoja.

Na wewe wa kisu, yule mzee atakayeng'oa mpira wa mkojo usiku wa pili baada ya upasuaji, akiona watu darini, usikimbilie kusema ana wazimu. Tafuta maambukizi, pima oksijeni, uliza kama alikuwa mnywaji na pombe imekatika ghafla alipolazwa. Hayo nayo utafundishwa.

Vuta pazia, watoe ndugu nje, keti, uliza. Usiulize umesimama na faili mkononi. Keti! Mgonjwa anajua daktari anayetaka kuondoka.

Nenda, mdogo wangu. Chumba cha upasuaji kitakusubiri wiki moja.