Je, Yesu alinakiliwa kutoka kwa Horus?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kuna video inazunguka WhatsApp ikidai Horus, mungu wa Misri ya kale, alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, akasulubiwa, akafufuka siku ya tatu. Kwa hiyo Yesu ni hekaya tu?

JIBU: Marahaba. Video hiyo naletewa kila muhula, jina tu ndilo hubadilika: leo Horus, kesho Mithra, mungu aliyeabudiwa Roma. Aliyeitengeneza hajagusa masimulizi ya Wamisri. Humo Isis anamkusanya mumewe Osiris aliyekatwa vipandevipande, anamhuisha, anapata mimba ya Horus. Bikira yuko wapi hapo? Msalaba je? Mithra ndiyo hana mama kabisa. Wachongaji wa Kirumi wanamwonyesha akichomoza mwambani, kisu na mwenge mkononi. Hiyo 25 Desemba haimo hata katika Injili; inajitokeza kwenye kalenda ya Roma ya mwaka 354.

Hekaya kweli imo, ila chimbuko lake si Misri. Mathayo anasimulia mfalme, Herode, anayeua watoto Yesu alipozaliwa, mmoja anaponyoka: msomaji Myahudi alimtambua Musa papo hapo. Luka anaweka kuzaliwa kwa Yesu kwenye sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu (Siria). Sensa hiyo ilikuwa mwaka 6 BK, na Herode wa Mathayo alifariki mwaka 4 KK. Hapo mwanahistoria ana haki ya kuguna.

Kinachonikera ni kuruka kutoka hapo hadi "basi hakuwepo". Paulo, akiandika miaka ya 50, anawaambia Wagalatia kwamba alikaa kwa Kefa, yaani Petro, siku 15 na akamwona Yakobo, ndugu yake Bwana. Hekaya haina ndugu wa kutembelewa. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyewadharau Wakristo, anaandika kwamba Kristo aliuawa na Pilato enzi za Tiberio. Jiwe lenye jina la Pilato lilifukuliwa Kaisaria mwaka 1961.

Na wahubiri wanaojibu video hizo kwa kumbunia Kirenio sensa nyingine, ya mapema, isiyotajwa na andiko lolote, hawana nafuu. Ni uganga uleule, kilinge tofauti.

Ukiletewa dai, uliza limeandikwa wapi, na nani, mwaka gani. Utaulizia tena karibuni, maana video inayofuata huwa ile ya Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, eti maaskofu walipiga kura kuchagua vitabu vya Biblia. Walikuwa wakigombania mafundisho ya Ario, kasisi aliyesema Mwana wa Mungu aliumbwa. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tunaikuta katika barua ya Atanasi wa Aleksandria, mwaka 367.