Nyama Isiyo na Karatasi: Wasomaji Wauliza kuhusu Uwindaji, Nyara na Adhabu

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanzania bara, moja imetoka Voi, Kenya, na moja Texas, Marekani. Tunaanza na ile inayogusa majiko mengi.

Shemeji yangu ana leseni ya kuwinda. Amenitumia mguu wa swala kwa basi. Nikikamatwa nao, leseni yake itanilinda? (Mama S., Manyoni)

Haitakulinda kama imebaki mfukoni mwake. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Mnyama hutoka kwenye mali hiyo kwa leseni au kibali tu. Askari akifungua kapu lako na karatasi ikakosekana, mguu huo ni nyara ya Serikali, yaani sehemu ya mnyamapori, na wewe ndiye uliyekutwa nayo. Kifungu cha 86 cha sheria hiyo hakimsubiri aliyefyatua risasi. Kinamnasa aliyenayo, aliyenunua na aliyeuza.

Wengi hujifariji kwamba kipande kidogo ni kosa dogo. Sivyo. Ofisa wanyamapori anapojaza hati ya uthamini hapimi kilo. Anaandika thamani ya mnyama mzima kama ilivyopangwa kwenye kanuni za mwaka 2012, kwa dola za Marekani: swala pala 390, nyumbu 650, pundamilia 1,200, nyati 1,900, simba 4,900, twiga 15,000, tembo 15,000. Kisha anageuza kwa shilingi. Dola ikiwa shilingi 2,500, mguu wako unasomeka shilingi 975,000, maana mguu haukuota peke yake. Kuna swala mzima aliyekufa.

Tena, kosa hili hushtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na tangu marekebisho ya 2016 kifungo huko ni kati ya miaka 20 na 30. Mtakumbuka mama wa Iringa aliyehukumiwa miaka 22 mwaka 2023 kwa vipande 12 vya nyama ya swala, kabla ya Mahakama Kuu kumwachia alipokata rufaa. Waliocheka habari ile mitandaoni wangesoma kwanza kifungu chenyewe.

Kwa hiyo usiupokee huo mguu stendi. Mwambie shemeji arudi kwa ofisa wanyamapori wa wilaya alikowindia, aonyeshe leseni, aseme anampa nani nyama na kiasi gani, apate maandishi. Maandishi hayo yasafiri ndani ya kapu hilohilo. Hamu ikizidi, yapo mabucha ya nyamapori yenye leseni, yaliyoruhusiwa kwa kanuni za mwaka 2020. Nunua huko, na risiti usiitupe hadi sufuria iwe tupu. Nyama ikigandishwa mwezi mzima, risiti nayo ikae mwezi mzima.

Mdogo wetu amekamatwa na nyama ya nyati. Tumeambiwa nyama imeshateketezwa kwa sababu ilikuwa inaoza. Kesi itaendeshwaje bila nyama? (Kaka wa mtuhumiwa, Katavi)

Itaendeshwa kwa karatasi, na ndipo kesi nyingi za nyara hushinda au huanguka. Nyama inayooza inaweza kuteketezwa kwa amri ya hakimu. Lakini mtuhumiwa anatakiwa apelekwe mbele ya hakimu huyo, aione nyama, aulizwe ana la kusema, na maneno yake yaandikwe. Picha pia zipigwe. Mahakama ya Rufani imekwishatupa hati za uteketezaji zilizotolewa bila mtuhumiwa kuwepo. Hati ikitupwa, mara nyingi upande wa mashtaka hubaki na maneno matupu kuhusu nyama ambayo hakuna anayeiona.

Mwambieni wakili aangalie mambo mengine matatu. Hati ya ukamataji: ilijazwa palepale, ikasainiwa na shahidi asiye askari? Makabidhiano: kutoka aliyekamata, kwenda mtunza vielelezo, kwenda mthamini, kila mkono umeandikwa? Mthamini: ameeleza alijuaje kwamba ni nyati na si ng'ombe? Kuandika tu “nyama ya nyati” hakutoshi. Anapaswa kutaja ngozi, manyoya, kwato au alama nyingine aliyoiona. Mwisho, kesi ya uhujumu uchumi haiendi mahakama ya chini bila ridhaa na hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mtafute wakili mapema. Kungoja rufaa ni kungoja ndani.

Simba ameingia bomani usiku, vijana wamemuua. Tufukie tunyamaze? (Mwenyekiti wa kitongoji, Simanjiro)

Msifukie, mwenyekiti. Kumuua mnyama ili kuokoa maisha au mali si kosa, mradi hamkumchokoza na hamkuwa mkifanya jambo lililokatazwa mnyama alipowajia. Kosa huanza baada ya hapo: kucha zikigawanywa, mafuta yakichukuliwa, ngozi ikikunjwa. Mzoga ule ni wa Serikali kuanzia anapokata roho. Uacheni ulivyo, wekeni walinzi, mpigieni mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori usiku uleule. Msioshe damu ya ng'ombe aliyeuawa, wala msifute nyayo. Hizo ndizo zitakazosema kwamba simba alikuwa bomani na si nyinyi porini. Madai ya kifuta jasho kwa mifugo, au kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa, nayo hutegemea taarifa hiyohiyo.

Na simba aliyekwenda zake msimfuate hadi alikolala kesho yake. Huko si kujihami tena.

Nimegonga pundamilia Mikumi. Nimchukue niende naye kituoni? (Dereva wa lori, Mbeya)

Mwache barabarani pale alipo, dereva. Ukimpakia, hata kwa nia njema, utakutwa na nyara kwenye gari. Simama pasipo hatari, washa taa za tahadhari, toa taarifa lango la hifadhi lililo karibu. Utalipia: vibao vya Mikumi vinaonyesha bei ya kila mnyama kwa dola, na pundamilia ni 1,200. Ukikimbia ukakamatwa mbele, utaulizwa pia kwa nini ulikimbia. Utingo anayeshuka na panga “kuokoa kitoweo” ndiye huwaponza wote wawili.

Nina bunduki yenye leseni ya polisi na nimepata kibali cha kuwinda. Naruhusiwa mbwa na tochi? (K.M., Tabora)

Hapana kwa vyote viwili. Leseni ya silaha inakuruhusu kumiliki bunduki, kibali kinakuruhusu mnyama fulani, na sheria ina orodha ndefu ya njia zilizokatazwa: mbwa, taa, gari la kukimbizia au kupigia risasi, sumu, nyaya, mashimo, nyavu, moto, silaha ya kujifyatua. Usiwinde ndani ya mita 500 za maji ya kudumu au chumvi wanayolamba wanyama, wala ndani ya kilomita 1 kutoka mpaka wa hifadhi ya taifa. Achana na jike lenye mimba au linalofuatana na mtoto.

Ukimjeruhi ni wako: fuata damu, na asipopatikana toa taarifa. Usijipigie mwingine kufidia. Kibali cha swala mmoja kina swala mmoja, na risasi iliyompata imeshamtumia.

Nachuna ngozi kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii, upande wa Rungwa. Ile tagi ya chui ina maana gani, na kwa nini wageni wanaigombania? (Mchunaji)

Bila tagi, yaani kile kitambulisho kinachofungwa kwenye ngozi, ngozi haivuki mpaka. Biashara ya kimataifa ya chui inabanwa na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Tanzania ina mgawo wa chui 500 kwa mwaka. Kila ngozi hufungwa tagi inayojifunga yenyewe, isiyofunguka bila kukatwa, nayo ina mambo matatu: nchi, namba ya ngozi ndani ya mgawo, na mwaka. TZ 6/500 ikifuatiwa na mwaka maana yake ni ngozi ya sita kati ya 500 za mwaka huo.

Mwaka ndio huleta kizaazaa. Unaoandikwa ni mwaka aliouawa chui, si mwaka ngozi inaposafirishwa. Chui wa Novemba anayesafirishwa Machi hubaki na mwaka wa Novemba. Karani akijaza kibali kwa mazoea ya kalenda mpya, tagi na kibali vinagombana, na ngozi inalala forodhani Ulaya au Marekani. Kwa upande wako, usiikate tagi ili upate nafasi ya kukwangua au kupaka chumvi, na soma namba kwa sauti mbele ya anayejaza fomu. Tarakimu moja ikikosewa hapo, itakosewa hadi mwisho. Mgeni haruhusiwi kuingiza kwao zaidi ya ngozi mbili kwa mwaka, na hatakiwi kuziuza.

Pembe za tembo hazifungwi tagi, hugongwa alama au kuandikwa kwa wino usiofutika: herufi mbili za nchi, tarakimu mbili za mwisho za mwaka, namba ya mfululizo, na uzito kwa kilo.

Kibali cha Tanzania kinafaa huku ng'ambo ya mpaka? (Voi)

Hakifai. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Nyama iliyo halali Moshi inageuka kesi Taveta.

Tunaishi Fort Worth. Rafiki wa kazini anatualika kwenye shamba lake kuwinda dia (deer, kulungu wa Marekani) mwezi Novemba. Tunahitaji nini ili tusiharibu makaratasi yetu ya uhamiaji? (Baba Neema)

Huko Texas, Baba Neema, mnyama mwenyewe ndiye huvaa karatasi. Leseni ya mwaka huanza Septemba 1 na kwisha Agosti 31, na inakuja na tagi za dia. Mkazi aliyeishi jimboni zaidi ya miezi sita mfululizo hulipa bei ya mkazi, ambayo ni ndogo sana kuliko ya mgeni. Aliyezaliwa Septemba 2, 1971 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mwenye miaka 17 na zaidi anaweza kuahirisha mara moja tu, akiwinda na mwenye leseni.

Dia akianguka, tagi kwanza, picha baadaye. Jaza kwa kalamu ya wino jina la shamba na kaunti, kisha kata uondoe kabisa mwezi na tarehe ya kuua kwenye tagi. Kuzungushia duara au kuchora mstari hakuhesabiki kuwa umekata, na ndiyo faini ya kijinga kuliko zote. Ifunge kwa mnyama palepale. Jaza pia kumbukumbu iliyo nyuma ya leseni. Kichwa kibaki na nyama hadi ifike mwisho wa safari, kwa sababu ofisa atataka kujua ni dume au jike. Kwenye kaunti zenye masharti ya pembe, dume huhesabika halali likiwa na angalau pembe moja isiyo na tawi, au nafasi ya ndani kati ya pembe ni inchi 13 au zaidi, yaani kama sentimita 33. Kupiga risasi kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama.

Mkigawana nyama kabla haijafika, kila anayepokea aandikiwe hati: jina, anwani, saini na namba ya leseni ya aliyeua, jina la anayepokea, ni nyama gani, tarehe, shamba na kaunti. Mama wa Manyoni angeielewa hati hiyo mara moja.

Kosa la tagi kwa kawaida ni la daraja C: dola 25 hadi 500, mbali na gharama za mahakama, na jimbo linaweza kudai thamani ya mnyama. Usipolipa, unanyimwa leseni. Kuua dia bila ridhaa ya mwenye shamba ni jambo jingine: siku 180 hadi miaka 2 jela ya jimbo, na faini ya dola 1,500 hadi 10,000. Uzio wa jirani usivukwe hata kumfuata aliyejeruhiwa, mpaka jirani aseme ndiyo.

Sasa bunduki. Katazo la bunduki kwa wenye viza ya muda halimhusu mwenye green card (kadi ya ukaazi wa kudumu) wala aliyepewa hifadhi ya ukimbizi. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mgeni wa matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki, ila anaruhusiwa akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Hivyo mpwa aliyekuja kusoma asiipokee bunduki “ajaribu tu” kabla leseni yake haijatoka. Hukumu ya kosa la silaha inaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye green card.